Pua ya Wifi

Jumanne, 4 Machi

Mvua zimeanza. Leo nimewatembeza wageni chini ya miavuli ya kuazima, na kwa kuwa haikutosha, mimi ndiye niliyelowa. Nimerudi nyumbani nikiwa na mengi ya kusimulia, kama kawaida yangu. Mume wangu, ambaye kutwa nzima anashona viatu vya watu na jioni anataka utulivu, akanisikiliza mpaka akasinzia. Alipozinduka akasema, "Mke wangu, andika. Karatasi haisinzii." Basi naandika.

Kazi yangu ni kuwapitisha watu kwa miguu katika mitaa ya zamani na kuwalisha njiani. Tunaanza kwa mwoka mikate, tunakatiza uchochoro wa maseremala, tunakunywa kahawa kwa bibi anayeikaanga mwenyewe mlangoni, tunakula samaki wa kukaanga tukiwa tumesimama, halafu tunamalizia kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ana chumba chenye mabenchi na jiko la gesi, na anapika supu ya mifupa. Mwaka mzima ni supu hiyo hiyo, na watu hawaichoki.

Mimi na wifi hatuivi chungu kimoja. Yeye anaona mdomo wangu hauna breki, mimi naona wake umefungwa kwa kufuli. Lakini ana kipaji, na mimi ndiye niliyekitangaza. Wifi haonji chakula akipika. Anafunua sufuria, anainama, anavuta pumzi moja tu, na anajua kila kitu: chumvi imetosha au bado, kitunguu saumu kimeiva au bado, mifupa imetoa mafuta au imegoma. Nimewaambia wageni habari hiyo kila wiki kwa miaka. Tukifika kwake nawanyamazisha, "Sasa tazameni pua ya wifi yangu." Yeye anainama, anavuta pumzi, anasema, "Imeiva." Watu wanapiga makofi. Anajifanya makofi yanamuudhi.


Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna aliyekuja. Mwoka mikate kanipa mkate wa jana, nimeula wote njiani peke yangu.


Jumatano, 12 Machi

Wageni wa leo walikuwa maharusi, mume na mke wapya, wameshikana mikono hata wakati wa kula samaki. Nikawa nawacheka kimoyomoyo na huku nawaonea wivu.

Kwa wifi mambo hayakwenda vizuri. Wiki iliyopita alilala kitandani na mafua makali, kwa hiyo nilifurahi kumkuta amesimama jikoni. Nikawanyamazisha wageni kama kawaida. Akainama, akavuta pumzi, akasema, "Imeiva." Makofi. Nilipoweka kijiko mdomoni, kitunguu saumu kilikuwa kimeungua. Hakikuungua kidogo, kiliungua mpaka uchungu ukanikaa kooni. Maharusi wakala bila kusema kitu, maana wale wangekula hata mkaa mradi wako pamoja. Nikamtazama wifi. Alikuwa anafuta meza.


Jumamosi, 15 Machi

Leo ni tangawizi. Mzee mmoja katika kundi alikohoa mpaka machozi yakamtoka, ikabidi tumpigepige mgongoni.

Wageni walipoondoka nikasema, kwa upole kabisa, "Wifi, leo tangawizi imezidi kidogo."

"Ukimaliza kuongea," akasema, "sufuria ile pale. Ioshe."

Nikaiosha, nikiwa nimenuna. Nikamweleza mume wangu kwamba dada yake sasa anapika kama mtu anayekomoa. Akasema labda amechoka. Nikasema hata mimi nachoka, mbona siwapi watu tangawizi ya kuwaua.


Jumamosi, 22 Machi

Nimekasirika.

Leo kulikuwa na mama mmoja na binti yake mdogo, mtoto mchangamfu, njia nzima ananiuliza maswali. Tulipofika kwa wifi, kabla hata hajafunua sufuria nilishasikia harufu. Supu ilikuwa imechacha. Ilikuwa ya jana, na joto la juzi hizi linajulikana. Yeye akainama juu yake. Akavuta pumzi. "Imeiva," akasema, akaanza kupakua.

Nililipokonya bakuli mikononi mwa yule mtoto. Nikawaambia wageni kuna hitilafu, nikawatoa nje, nikawanunulia kahawa tena. Nikarudi peke yangu.

"Wifi, hii imelala!"

"Nimeongeza maji asubuhi nikaichemsha upya. Ina nini?"

"Ina nini? Wewe mwenyewe umeinusa!"

Alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, halafu akanipa kisogo na kuimwaga supu yote kwenye ndoo. Hata kuomba radhi hakuomba. Mtoto wa watu angekwenda kulazwa.

Nimemwambia mume wangu namtoa wifi kwenye matembezi. Yeye akaendelea kupaka gundi soli ya kiatu, kisha akasema, "Usimtoe kabla hujamuuliza."

"Nimuulize nini? Kwa nini ameacha kujali?"

"Muulize tu. Dada hajui kuanza mazungumzo. Hata mama yetu alipofariki, mimi ndiye niliyemuuliza kama amekula."

Nikasema sina muda huo.


Jumamosi, 29 Machi

Leo nimemalizia kwa muuza samaki. Ili wifi asituone nimewapitisha wageni mtaa wa nyuma, kwenye madimbwi, nikawadanganya kwamba huko ndiko kuna mandhari nzuri. Kuna mapipa ya taka na paka.

Jioni nimekutana na mshonaji, jirani yake wifi. Akaniuliza, "Leo wageni hawakuja? Maana wifi yako alisimama mlangoni mpaka sufuria ikapoa. Amevaa lile gauni la bluu."

Gauni la bluu ni la sherehe.


Jumatano, 2 Aprili

Mvua kutwa. Sikwenda kwake. Nilisema nitakwenda, sikwenda.


Jumanne, 8 Aprili

Lazima niandike haya yote leo, nisije nikayasahau au, tabia yangu naijua, nikayatia chumvi.

Asubuhi mvua ilipumzika kidogo, nikapiga moyo konde nikaenda kwa wifi. Nilikuwa nimepanga maneno. Ningesema: wifi, tumefanya kazi pamoja muda mrefu, tuachane kwa heri. Nilikuwa nayarudia njiani, na yalikuwa mazuri sana.

Nilipofika kwenye ngazi za mlango wake nikasikia harufu ya gesi. Ilikuwa kali mno, hata ukutani ningesema imeingia. Nikausukuma mlango. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua. Wifi alikuwa amesimama mbele ya jiko, vitunguu amekwisha kukata, kiberiti mkononi, njiti ameshaitoa.

Sijui nilipiga kelele gani. Yeye anasema nilisema "Mama yangu!" Nilimrukia, nikampiga mkono, kiberiti kikaruka mpaka chini ya benchi. Nikafunga mtungi, nikafungua dirisha moja, la pili likakwama nikalipiga teke, nikamshika wifi kiunoni nikamburuta nje. Na wifi si mtu mdogo.

"Una wazimu?" alikuwa anapiga kelele. "Umeona nyoka?"

"Gesi!"

"Gesi gani?"

Tulikuwa tumesimama barabarani, na mvua ikaanza tena, ile ya matone makubwa. Mshonaji alikuwa ametoa kichwa dirishani, na sindano mdomoni. Mimi nilikuwa nahema. Mpaka pale nje gesi ilikuwa inanuka, mshonaji mwenyewe amejiziba pua kwa kitambaa, na wifi yangu, mwenye pua niliyoitangaza mji mzima, ananiuliza gesi gani.

Hapo ndipo nikaelewa. Nimechelewa, lakini nikaelewa.

"Wifi," nikasema. "Husikii harufu?"

Akatazama chini.

"Husikii harufu yoyote?"

"Tangu yale mafua," akasema. "Nilidhani itarudi. Kila nikiamka nafungua kopo la kahawa, naweka pua. Naona kahawa kwa macho. Harufu hakuna."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akanyanyua uso, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika familia ile nikamwona wifi akilia. Alilia bila sauti, maji ya mvua yakawa yanamsaidia kuficha.

"Nikuambie wewe? Si wewe uliyewaambia watu habari ya pua? Wanakuja kuitazama pua. Hawaji kunitazama mimi, hata supu hawaijii. Wanasimama pale, unawanyamazisha, wananitolea macho. Ningefanyaje? Ningewaambia jamani rudini nyumbani, pua imekufa?"

Yale maneno yangu mazuri ya kuachana kwa heri niliyaacha hapo hapo barabarani. Nikaanza kulia na mimi, na mimi sijui kulia kimya.

"Basi, basi," wifi akasema. "Unalia vibaya. Watu watadhani nimekupiga."

Fundi wa gesi alikuja mchana. Mpira wa mtungi ulikuwa umepasuka karibu na kibano chake. Akatuonyesha ufa. Akauliza, "Hamkusikia harufu siku zote hizi?" Nikamwambia afunge mpira mpya, asitupotezee wakati.


Alhamisi, 10 Aprili

Nimempeleka wifi hospitali. Daktari ni kijana mpole. Amesema harufu inaweza kurudi, inaweza isirudi, hakuna wa kuahidi. Amesema ulimi wake ni mzima: chumvi, utamu, uchachu na uchungu atavipata. Kinachokosekana ni yale mengine yote.

Tukiwa njiani wifi akasema, "Kwa hiyo nimebakiwa na ulimi."

"Ndiyo."

"Na wewe unao wa watu wawili."

Nimecheka mpaka nikamshika bega. Sikumbuki kama nimewahi kumshika bega.


Jumapili, 13 Aprili

Wifi amefunga jiko. Masufuria ameyageuza chini juu na kuyafunika shuka. Mume wangu alimleta kwetu ale chakula cha mchana. Alitafuna kwa utaratibu, kama mtu anayetekeleza amri. Nikamuuliza mkate ukoje. "Laini," akasema. Maharage? "Laini, na chumvi."

Alikuwa ameoga, nywele bado mbichi. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mbali na sisi. Nilipotaka kumsogezea kiti akasema hapana, pale pana hewa. Kabla ya kuondoka akaomba maji akaoga tena. Nikafikiri ni joto.

Mume wangu alimsindikiza. Aliporudi alikaa na kiatu mkononi bila kukishona.


Jumamosi, 19 Aprili

Matembezi bila wifi. Mgeni mmoja, aliyewahi kuja mwaka jana, aliuliza, "Na yule mama wa pua?" Nikasema amesafiri. Habari ya pua sikuisimulia. Nimegundua kwamba nikiitoa hiyo, sina la maana sana la kusema kumhusu. Miaka yote hii namwonyesha watu, na sijui hata anapenda kula nini.


Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa wifi na mifupa, vitunguu na tangawizi. Nikamwambia, "Nifundishe. Wewe pika, mimi ninuse."

"Hujui kunusa."

"Nina pua."

"Hata mlango una kitasa, na haunusi."

Lakini akaondoa shuka. Akaweka sufuria motoni, akamimina mafuta, akatia vitunguu. Kisha akasimama kando, mikono nyuma. "Haya. Vimefikia wapi?"

Nikainama. "Vinanukia."

"Vinanukia nini?"

"Vinanukia vizuri."

"Vibichi vinanukia. Vilivyoiva vinanukia. Vilivyoungua pia vinanukia, mpaka kwa jirani. Wewe unayeongea mchana kutwa, huna neno moja la kunisaidia?"

Nimeunguza vitunguu. Tukaanza upya. Nikasema vinawasha macho. Akasema bado. Nikasema havinikeri tena, vimekuwa vitamutamu. Akasema subiri. Nikasema sasa vina kitu kama ganda la mkate linapotoka tanurini. Akapiga paja. "Hapo! Hapo ndipo! Tia saumu!"

Supu haikuwa kama yake. Lakini ililika. Aliinywa polepole akisema, "Chumvi ipo. Ndimu ipo." Kisha akanitazama, akasubiri, nikamalizia yaliyobaki: tangawizi iko kwa mbali, pilipili manga inakuja mwishoni, mafuta ya mifupa yanakaa juu ya vyote. Akafumba macho wakati nikisema. Nikajikuta nachagua maneno kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa wageni wanaonilipa.


Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda tena. Saumu siku hizi siiunguzi. Wifi anapenda ndizi mbivu sana, zile zenye madoa meusi. Nimemuuliza.


Jumamosi, 10 Mei

Supu ya leo ilikuwa yenyewe. Mume wangu alipiga mabakuli matatu, akamaliza, akasema, "Dada." Basi. Kwa mume wangu hiyo ni hotuba.

Nikaona wakati umefika. "Wifi, Jumamosi ijayo niwalete wageni?"

Uso ukamshuka. "Hapana."

"Habari ya pua sitaigusa. Nitawaambia tu ni supu ya wifi yangu."

"Nimesema hapana. Wewe njoo. Ndugu yangu aje. Watu wa nje sitaki."

"Lakini supu ni ile ile!"

"Sikusema supu."

Akaanza kuosha mabakuli. Alipomaliza akaosha mikono mpaka viwiko, akapaka sabuni, akaosha tena. Nikaondoka nikiwa nimechanganyikiwa. Kama si supu, ni nini? Akiendelea hivi atakaa mle ndani na jiko lake mpaka azeeke. Mtu aliyekuwa anavaa gauni la bluu kuwangojea wageni! Roho inaniuma kuliko siku zile alipokuwa hanisemeshi.


Jumamosi, 17 Mei

Wageni wa leo wametuma ujumbe asubuhi: hawaji, mvua. Na mvua yenyewe ilikuwa ya mwisho mwisho, manyunyu tu. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikaenda kwa wifi, nikamwambia, "Twende."

"Wapi?"

"Kutembea. Miaka yote wewe ni kituo cha mwisho. Hujawahi kuona vya mwanzo."

Nilitegemea akatae. Akachukua mtandio.

Kwa mwoka mikate alisimama karibu na mlango, si ndani. Nikamwambia: unga uliochomwa, wifi, na chachu, kama tunda lililoanza kuiva sana, na chini yake kuni zenye unyevu. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Mwoka mikate akatoka na mkate wa moto, akataka kumkumbatia kwa kuwa hajamwona muda mrefu. Wifi akarudi nyuma, akaupokea mkate kwa mikono iliyonyooshwa.

Kwa maseremala nikamwambia kuna harufu mbili: mbao mpya, nyepesi na kavu, na vanishi inayopanda kichwani. "Marehemu mume wangu alikuwa seremala hapa," akasema. "Alikuwa anarudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Vumbi lina harufu gani leo?" Nikachota vumbi kwa kiganja, nikanusa, nikamwambia ni kama chaki iliyotiwa asali kidogo. Akacheka. "Ndiyo. Alikuwa hivyo."

Bibi wa kahawa akatusogezea viti viwili vilivyogusana. Wifi akakitenga chake, akakiweka mbali kabisa, upande unakotokea upepo, kisha akaona si vizuri, akakihamishia upande unakoelekea. Nikamtazama akihangaika na kile kiti. Nikakumbuka kiti cha dirishani kwetu. Nywele mbichi. Mikono mpaka viwiko. Nikaweka kikombe cha kahawa chini.

Tulipofika kwake, mshonaji alikuwa mlangoni pake anashona, akatusalimu. Wifi akasimama nje ya mlango wake mwenyewe.

"Na hapa?" akauliza. "Hapa pananuka nini? Sema kweli."

"Pananukia kama jikoni. Tangawizi, sabuni, mafuta ya jana kidogo."

"Na mimi?"

Nikamgeukia.

"Naoga asubuhi, mchana na jioni," akasema, kwa sauti ndogo, mshonaji asisikie. "Nafua nguo ambayo sijaivaa. Sijui, wifi. Mtu unajijua kwa pua yako. Mimi sijijui. Wale wageni wanakaa kwenye mabenchi, wanabanana, nawainamia kupakua. Je, kama nanuka uzee? Kama nanuka jasho? Nani ataniambia? Watavumilia tu, kama walivyovumilia supu."

Kumbe ndiyo hofu yenyewe. Na anaibeba peke yake tangu mafua.

Nilimsogelea. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye mlango, nikamfuata. Nikamshika mabega, nikaweka pua yangu shingoni mwake, chini ya sikio, mchana kweupe, mbele ya mshonaji na mtaa mzima, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikajaa. Alikuwa amekakamaa kama ubao. Nikavuta tena, maana nilitaka nisiseme uongo hata kidogo.

"Sabuni," nikasema. "Kitunguu kwenye mtandio. Moshi wa kahawa tuliyokunywa. Na chini yake kuna harufu ambayo sina jina lake, wifi, lakini mume wangu anayo hiyo hiyo, na mimi hulala usingizi mzuri nikiwa nayo karibu."

"Si mbaya?"

"Si mbaya."

"Unaapa?"

"Naapa."

Mabega yake yakalegea mikononi mwangu. Sikumwachia. Tulikaa hivyo, yeye kauegemea mlango, mimi nimeegemea shingo yake, mpaka mshonaji akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba," wifi akamjibu juu ya kichwa changu. Kisha akaniambia mimi, "Kesho walete watu. Na uwaambie wasogee."